Dhima ya Mwenye Kuuza Trekta Kuukuu

Limeenea siku hizi katika pwani jambo la watu kununua matrekta yaliyokwisha kutumika. Mwenye shamba la mpunga au la mihogo bei ya trekta jipya haiwezi. Basi hushirikiana na nduguze wawili watatu, wakachanga fedha walizojiwekea, kisha wakamwendea mfanya biashara wa Mombasa au wa Dar es Salaam aliyeleta vyombo hivyo kwa meli kutoka Uingereza, au aliyevinunua mnadani katika mashamba makubwa ya bara. Wala jambo hili halina ubaya. Trekta liitwalo Massey Ferguson 135 lilianza kutengenezwa mwaka 1964, likaachwa kutengenezwa mwaka 1975, na hata leo yako ambayo yanalima, kwa sababu injini yake ya silinda tatu ni nyepesi kufunguliwa na mafundi wengi wanaijua. Chombo kuukuu kilichotunzwa ni kheri kuliko deni la chombo kipya.

Lakini biashara hii ina mlango mmoja ambao kwao huingia dhuluma nyingi, nao ni ule usemi wa muuzaji: "Nimekuuzia kama ulivyoliona." Mnunuzi huitikia, fedha zikahesabiwa, wakapeana mikono. Baada ya siku kumi injini hukwama katikati ya shamba, fundi akaifungua, akaona ufa uliozibwa tangu zamani. Mnunuzi akirudi kwa muuzaji huambiwa kwamba yeye alikuwa na macho, alitazama akaridhika, na biashara imekwisha. Basi suala lililo hapa ni hili: je, neno lile lamwokoa muuzaji mbele ya Mwenyezi Mungu, au lamwokoa mbele ya watu tu?

Kwanza yafaa ijulikane ni mambo gani hufichwa, maana mwenye kuyasikia maneno ya wanachuoni juu ya ngamia na kondoo huenda akadhani kwamba hayamhusu muuza mashine. Kuna apakaye rangi mpya juu ya chuma kinachovuja mafuta, rangi ikakauka asubuhi na mnunuzi akaja jioni. Kuna atoaye mita ya saa, ambayo ndiyo huonyesha chombo kimefanya kazi saa ngapi, akatia nyingine yenye hesabu ndogo. Kuna ajazaye oili nzito kupita kiasi ili mgongano wa vyuma vilivyolika usisikike, na atiaye unga wa mbao katika giaboksi ili meno yaliyokwisha yanyamaze kwa siku chache. Kuna amiminaye dawa ya kuziba katika rejeta, maji yasivuje mpaka trekta litakapokuwa limefika kwa mwenyewe mpya. Na aliye hodari kuliko wote hao hapaki kitu wala hamimini kitu. Yeye huwasha injini muda mrefu kabla ya mnunuzi kufika, kwa kuwa ajua kwamba injini ile ikiwa baridi haiwaki isipokuwa kwa taabu na kwa moshi mweupe mwingi, na ikiwa moto huwaka kwa mara moja. Akiulizwa husema kwamba hakusema uwongo wowote. Na kweli, ulimi wake haukusema.

Kitendo cha huyu wa mwisho kina mfano wake katika Hadithi. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kumwacha ngamia au kondoo bila ya kukamwa ili kiwele kijae, mnunuzi apate kudhani kwamba maziwa yale ndiyo desturi ya mnyama yule. Aliyemnunua mnyama wa namna hiyo alipewa khiari: akitaka akae naye, na akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Muuzaji wa kondoo yule hakutamka neno. Alinyamaza, na kiwele ndicho kilichosema kwa niaba yake. Injini iliyopashwa moto makusudi haina tofauti na kiwele kilichojazwa, isipokuwa kwamba aliyehadaiwa kwa kondoo amepoteza maziwa, na aliyehadaiwa kwa trekta hupoteza msimu mzima.

Na iko Hadithi ya pili, mashuhuri zaidi, nayo ndiyo ya kuzingatiwa sana katika mlango huu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka, naye akajibu kwamba ni mvua iliyoipata. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wapate kuiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wao. Watu wengi huitaja Hadithi hii na kuishia kwenye neno la kughushi, wakalipita jawabu la yule mtu. Jawabu lake lilikuwa kweli. Mvua hakuileta yeye. Nafaka ilirowa kwa kadari ya Mungu, wala hakulaumiwa kwa kurowa kwake. Alilaumiwa kwa mahali alipoiweka ile iliyorowa. Vivyo hivyo muuza trekta hakuupasua ufa ule. Pengine uliingia mikononi mwa mkulima wa Uingereza miaka thelathini iliyopita, kwa sababu ya baridi iliyogandisha maji ndani ya injini. Hilo si dhambi ya mtu. Lakini rangi iliyo juu ya ufa ina mwenyewe.

Ama hii ila yenyewe ni nini? Maana si kila upungufu wa chombo kuukuu ni ila, na mnunuzi naye huweza kudhulumu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, na ambaye kitabu chake Minhaji kimesomeshwa miaka mingi katika madarasa ya pwani, ameeleza kwamba ila ni kile kinachopunguza kitu chenyewe, au thamani yake, kiasi cha kumkosesha mtu kusudi lililo sahihi, nacho kiwe ni jambo ambalo aghlabu jinsi ya kitu kile huwa imesalimika nalo. Sharti hili la mwisho ndilo mizani ya vyombo vilivyotumika. Trekta la miaka arobaini aghlabu rangi yake imechujuka, kiti chake kimechanika, tairi zake zimelika; basi vitu hivyo haviitwi ila, na anayelirudisha kwa sababu ya kiti hana hoja. Lakini matrekta ya umri huo aghlabu hayana ufa katika injini, wala maji hayachanganyiki na oili yakawa meupe kama tui, wala mikono ya kuinulia plau haianguki yenyewe mara injini izimwapo. Hayo ni ila, hata kama trekta ni la kale, hata kama bei ilikuwa nafuu. Unafuu wa bei si bayana ya ila. Wako wasemao kwamba mnunuzi alipoona bei ndogo alipaswa kufahamu. Lakini muuzaji ajuaye ila na akapunguza bei kwa ajili yake, kumpasa nini kulitaja jambo lenyewe kwa maneno mawili?

Sasa turejee kwenye neno lile, "kama ulivyoliona." Mafakihi wameliita sharti la kujivua, yaani muuzaji ashurutishe kwamba hana dhima ya ila yoyote. Katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kwamba Abdullahi bin Umar alimuuza mtumwa wake kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo. Aliyemnunua akadai kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakuambiwa, wakafikishana kwa Khalifa Uthman. Uthman akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alimuuza hali hajui kwamba ana ugonjwa. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Mtumwa akapona kwake, naye akamuuza baadaye kwa dirhamu 1500. Lazingatiwe jambo hili: sharti lilikuwako, wala Khalifa hakulitazama kuwa ni ngao inayozuia kila kitu, bali alitaka kiapo juu ya ujuzi wa muuzaji.

Kwa hukumu hiyo Imamu Shafii akaelekea kwamba sharti la kujivua humsaidia muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama, tena ile asiyoijua, basi. Sababu aliyoitaja ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na tabia zake hugeuka, na ni nadra kusalimika na ila iliyojificha; basi muuzaji wake ana udhuru. Kitu kisichokuwa mnyama hakikuingizwa katika ruhusa hiyo, wala ila ya nje, wala ile aijuayo. Ama Mahanafi wamepanua, na Majalla ya dola ya Uthmania, iliyokamilika mwaka 1876, yakubali sharti hilo kwa ujumla. Lakini watu wa pwani hii wengi wao ni Mashafii katika sala zao na nikahi zao na mirathi yao, na ni ajabu kumwona mtu akiwa Mshafii msikitini, kisha akawa Mhanafi mlangoni mwa duka lake, naye hajapata kukifungua kitabu cha Mahanafi hata siku moja.

Huenda mtu akasema: trekta kuukuu limefanana na mnyama, kwani nalo hula mafuta, nalo huchoka kwa ndani hali nje lang'aa, na muuzaji hawezi kujua yaliyomo. Kiasi hiki kina sura ya haki, lakini hakisimami. Mnyama hafunguliwi akatazamwa kisha akafungwa, injini hufunguliwa. Ugonjwa wa mnyama huingia na kutoka usiku mmoja. Chuma kilichopasuka hakiponi. Kifuniko cha silinda huweza kutolewa na fundi kwa nusu siku, na oili huweza kutazamwa kwa kijiti chake kwa muda wa kusema Bismillahi. Kwa hivyo trekta liko karibu zaidi na jora la nguo kuliko ngamia. Na hata lau kiasi hicho kingekubaliwa, kingemfaa yule asiyejua tu.

Na hapa ndipo penye uzito wa suala lote, maana wafanya biashara wa siku hizi wameitambua njia ya kutojua. Mtu hununua matrekta sita mnadani, hayafungui, hamwachi fundi wake ayafungue, hauliza kwa nini yule mwenye shamba ameliuza hili na kuliacha lile. Akiambiwa na kijana wake kwamba moja linatoa moshi wa buluu, ambao ni dalili ya injini kuunguza oili, humnyamazisha kabla hajamaliza. Mtu huyu akisimamishwa mbele ya Kadhi na akaambiwa aape kama alivyotakiwa Ibn Umar, ataapa, na kiapo chake kitakuwa sahihi kwa dhahiri yake. Hajui. Lakini hajui kwa kuwa amejizuia kujua, na kujizuia kule ndiko kulikomtia faida mfukoni.

Je, ana dhambi? Wako watakaosema hana, kwa hoja kwamba Sharia haikumlazimisha muuzaji kuichunguza mali yake, bali imemlazimisha kueleza alijualo. Hoja hii ni sahihi kwa yule ambaye hakupata sababu ya kushuku: mjane aliyerithi trekta la mumewe hana la kujua, wala hapaswi kumlipa fundi ili atafute ila za mali yake mwenyewe. Lakini aliyesikia harufu ya oili iliyoungua akageuza pua, huyo amekwisha kujua kiasi cha kumfanya aogope kujua zaidi, na hofu hiyo yenyewe ni aina ya ujuzi. Mwenye nafaka yule wa sokoni, lau angesema kwamba hakutia mkono ndani ya chungu yake tangu mvua iliponyesha, nani angalimkubalia, naye aliiona mvua? Lililo karibu na haki ni kwamba mfanya biashara wa namna hii adhukuru shaka yake kama vile angaliidhukuru ila yenyewe: aseme kwamba injini hii sijaifungua, na moshi wake nimeuona. Neno hilo halimgharimu isipokuwa sehemu ya bei ambayo haikuwa yake.

Dhima hii, tena, si ya muuzaji peke yake. Wanachuoni wamesema kwamba hata mtu wa kando aijuaye ila humlazimu kumwambia mnunuzi. Imamu Ghazali amesimulia katika Ihya habari ya Wathila bin Al-Aska, sahaba wa Mtume (s.a.w.). Mtu aliuza ngamia kwa dirhamu 300, na Wathila alikuwa amesimama hapo, akaghafilika mpaka mnunuzi akaenda zake na ngamia. Wathila akamkimbilia akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kwamba ni kwa kupanda, akamwambia kwamba katika ukwato wake mna tundu alilokwisha kuliona, wala hataweza mwendo wa kufululiza. Mnunuzi akarejea, muuzaji akapunguza dirhamu 100, akamlaumu Wathila kwamba amemharibia biashara yake. Wathila akajibu kwamba wao walimbai Mtume juu ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Basi yule fundi aliyeuziba ufa kwa mkono wake, kisha akasimama kando siku ya kuuzwa akitazama kama mgeni, hana pa kujificha; yeye ana tundu la ukwato na ana mkono ulioliziba. Vilevile dalali. Wala haifai kusemwa kwamba mnunuzi ni mtu wa bara, au si Mwislamu, basi na ayajue mwenyewe. Kughushi ni haramu kwa yeyote anayeuziwa.

Ama mnunuzi naye ana yanayompasa, na wengi huipoteza haki yao kwa kutoyajua. Katika madhehebu ya Shafii kurudisha kwa ajili ya ila ni kwa haraka, kwa kadiri ya desturi: aliyeitambua ila naye yumo katika sala au anakula, humaliza, aliyeitambua usiku hungoja kuche. Akikawia bila ya udhuru, haki imemponyoka. Na sharti aache kukitumia kitu chenyewe tangu alipoitambua ila. Hapa ndipo penye mtihani wa mkulima, kwani ila ya trekta haijulikani isipokuwa kazini, na kazi haipo isipokuwa masika, na mvua haingoji shauri la watu wawili. Mtu aona injini imeanza kutoa oili, husema nimalize ekari hizi tano kisha nitalirudisha. Akizimaliza, amekwisha kuridhia ila ile kwa kitendo chake. Lakini mafakihi wamemsamehe aliyepanda mnyama mkaidi, asiyeswagika wala kukokoteka, ili amrudishe kwa mwenyewe. Na kwa mfano huo aliyeliendesha trekta barabarani moja kwa moja mpaka kwa muuzaji hakuvunja haki yake, maana hakuna abebaye trekta kichwani.

Jambo la pili ni la kufungua. Wauzaji hupenda kusema kwamba injini imekwisha kuguswa na fundi wa mnunuzi, hairudi tena. Katika Minhaji liko jawabu lake, nalo ni la kuwafurahisha watu wa minazi: aliyenunua nazi akaivunja, akaikuta mbovu, ilhali ubovu ule haujulikani isipokuwa kwa kuvunja, huirudisha na wala hatoi fidia ya kuivunja. Akivunja kuliko haja, hapo imekuwa ila mpya iliyozuka mikononi mwake. Basi kufungua kifuniko cha silinda ili kuuona ufa ni kuvunja nazi. Kuivua injini yote na kuyatawanya maungo yake chini ya mwembe kwa miezi miwili si kuvunja nazi.

Ikiwa ila mpya imezuka kwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kulipokea. Wakikosa kuafikiana, yule atakaye mauzo yabaki ndiye husikilizwa, na ila ya kale hulipwa fidia. Hesabu yake ni ya nisba, si ya bei ya kuitengeneza. Trekta zima lingalikuwa na thamani ya shilingi 1,000,000, na kwa ila ile likawa na thamani ya 800,000, upungufu ni humusi. Ikiwa mnunuzi alilipa 900,000, hurejeshewa 180,000. Na ikiwa kabla ya kuitambua ila alikwisha kulikodisha trekta akapata ujira, ujira ule ni wake hata akilirudisha; hivyo ndivyo alivyohukumu Mtume (s.a.w.) juu ya aliyemtumia mtumwa kisha akamrudisha kwa ila, kwani lau chombo kingalipotea siku zile kingalipotea katika mali yake.

Haya yote, katika Kenya, hayapelekwi kwa Kadhi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imempa Kadhi nikahi, talaka, mirathi na hali ya mtu, tena baina ya Waislamu waliokubali, mauzo hayamo. Mwenye daawa ya trekta huenda mahakama ya serikali, ambako hukumu hufuata sheria iliyojengwa juu ya ile ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo nayo humpasa mfanya biashara auze bidhaa iliyo sawa kwa kuuzwa, isipokuwa wenyewe wameafikiana vingine, na mnunuzi aliyekagua hasikilizwi kwa ila ambayo kukagua kwake kungalimwonyesha. Ndiyo maana "kama ulivyoliona" huandikwa kwa herufi kubwa katika stakabadhi: imeandikwa kwa ajili ya mahakama ile, na huko yaweza kumfaa aliyeiandika.

Karatasi iliyo bora kwa pande zote mbili ni nyingine, wala haina urefu: namba ya injini, bei, tarehe, na ila zote azijuazo muuzaji zikitajwa moja moja, na zile anazozishuku, kisha zisomwe mbele ya mashahidi wawili kabla ya fedha kuhesabiwa. Ila iliyosomwa na mnunuzi akaridhika nayo hana tena kurudisha kwayo. Ile isiyosomwa, naye muuzaji aliijua, mnunuzi akifariki kabla ya kuitambua, haki ya kurudisha imerithiwa na watoto wake.